Mbao Zitabaki

11 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na cherehani zako. Sisi huku tunasukuma siku. Wifi yako anakusalimu sana, anasema lile pazia la sebuleni ulilomshonea limemletea wageni wasio na haja naye, wanakuja kulishika tu na kuondoka. Binti yetu sasa anajifunza kuoka mikate kwa mwoka mikate mmoja karibu na stendi, anarudi nyumbani na unga mpaka kwenye nyusi. Karakanani kazi zipo, ingawa wateja siku hizi wanataka meza ya wiki mbili itoke kesho.

Nimekupigia simu tangu mwaka uanze. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Wifi yako akipiga unapokea papo hapo na mnacheka, mimi nikipiga simu inakuwa kiziwi. Basi nimenunua stempu kama enzi za marehemu baba.

Habari yenyewe ni hii. Yale maumivu ya ubavuni niliyosema ni uchovu wa kunyanyua mbao, kumbe ni mawe kwenye mfuko wa nyongo. Nimepigwa picha, nikaonyeshwa mwenyewe. Wanataka kunipasua. Daktari wa usingizi, kijana mmoja mwenye miwani, aliniuliza kama katika damu yetu kuna mtu aliyewahi kusumbuliwa na dawa zao. Nikamwambia hakuna. Nilikukumbuka wewe na kile kidole tumbo chako, lakini nikasema moyoni, yule walimzidishia dawa wazembe wa zamu ile, hilo si la ukoo. Nimejibu vizuri, au siyo? Naomba unijibu upesi, maana tarehe ya kupasuliwa inaweza kutoka wakati wowote.

Kabati nililokutengenezea linaendeleaje? Mlango haujapinda?

Ni mimi mdogo wako,
Msumari


2 Machi
(Hii sikuituma.)

Msumari,

Salamu leo sina. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni kwa fundi viatu, nikairudia nikiwa nimekaa, na mara zote mbili nimegota kwenye neno lilelile. Umemwambia hakuna.

Yupo. Ni mimi. Na wala hakuna aliyenizidishia dawa.

Daktari wa usingizi wa siku ile, yule mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuja kunieleza nilipopata nguvu. Wewe ulikuwa umetoka kununua maji. Alisema kabla ya kumwingizia mgonjwa mpira kooni, humchoma dawa ya kulegeza misuli. Mwili wote unalegea, hata mbavu haziinuki, ndiyo maana mgonjwa anapumuliwa na mashine. Kwa watu wengi dawa hiyo inakwisha upesi sana, kwa sababu ndani ya damu kuna kimeng'enya kinachotengenezwa na ini, na kimeng'enya hicho kazi yake ni kuikatakata. Nikamwuliza, kama mkasi? Akasema sawa, kama mkasi. Wangu ni butu tangu tumboni mwa mama. Dawa iliyotakiwa kukatwa ndani ya dakika chache ilinikalia mwilini mpaka jioni.

Ubutu huo unarithiwa, na kila mtu hurithi mikasi miwili. Baba alinipa mmoja butu, mama akanipa wa pili. Wao kila mmoja alibaki na mmoja mkali, na huo ulimtosha, ndiyo maana hawakujua kitu mpaka wanaingia kaburini. Mtoto yeyote wa baba yule na mama yule ana nafasi moja katika nne ya kupata yote miwili butu. Anaishi, anakula, anazeeka, haumwi chochote, mpaka siku atakapochomwa dawa ile. Mama yule akaniuliza, "Una ndugu wa baba na mama mmoja?" Nikasema ninaye. "Mwambie mapema. Kwake wasithubutu kutumia dawa hiyo. Zipo nyingine."

Ni hilo tu, sentensi moja, na mpaka leo sijakwambia. Hospitali yenu ina mashine moja ya kupumulia wodini, na wifi alinisimulia kwamba mara nyingi imefunikwa shuka kwa sababu ni mbovu.

Unajua kwa nini sikukwambia? Dawa ya usingizi ilikwisha, ile ya kulegeza haikwisha. Niliamka, mwili haukuamka. Masikio yangu yalikuwa mazima kabisa. Niliyoyasikia siwezi kuyaandika leo, lakini nayakumbuka neno kwa neno, na aliyeyasema ni wewe. Ndiyo maana sauti yako siitaki kwenye simu.

Kaa na hiyo "hakuna" yako.


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua yako, na pole kwa hayo mawe. Mimi ni mzima. Nimepata kazi ya mapazia ya nyumba ya wageni, vyumba vyote, na mwenye nyumba anabadilisha rangi kila nikishakata kitambaa. Fundi viatu wa mlango wa pili amekuwa rafiki, isipokuwa ana kikohozi kinachonifanya nichome vidole. Mpe binti pongezi zangu, mwambie shangazi yake anataka mkate wa kwanza usioungua.

Kabati lipo. Linanienea sana. Juzi niliingia ndani nikafunga mlango, nikakaa humo kidogo. Umepima vizuri.

Kuhusu daktari wako wa usingizi, kama umeshamjibu, umeshamjibu.

Ila nami nina swali. Siku ile ya kidole tumbo nilikuwa sijitambui, kama mnavyosema. Wewe ulikuwepo. Ulikaa wapi, ulifanya nini, ulisema nini? Niandikie yote. Mtu hupenda kujua alivyoombolezwa.

Dada yako


30 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Umenichekesha kwa hilo la kuingia kabatini, nimemsomea wifi yako naye akacheka, halafu ghafla akaenda jikoni. Wanawake mna mambo yenu.

Hali yangu siyo ya kujisifia. Nikila kitu chenye mafuta nagaagaa kama samaki nchi kavu. Suruali zote zinaomba mkanda. Wamesema mwishoni mwa Mei wataniita, kwa hiyo mpaka wakati huo nakula ndizi za kuchemsha na kuwatazama wenzangu wakikaanga. Binti atakuokea mkate siku yoyote utakayokuja, ila hatujui utakuja lini, maana tangu uhamie huko umetususa kabisa.

Umeniuliza habari za siku ile. Dada, siku ile sitaisahau. Nilikaa kando ya kitanda chako nimekushika mkono, sikubanduka. Nililia mpaka wauguzi wakanihurumia. Niliwaambia kama kuna kiungo kinachotakiwa wachukue changu, mimi niende, wewe ubaki na mapazia yako. Nilikuwa nakuita kwa jina lako la utotoni. Wifi yako ni shahidi. Hicho ndicho nilichofanya, na ungekuwa na fahamu ungejua kwamba una mdogo.

Ni mimi wako wa damu,
Msumari


25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nawasalimu wote mliomo ndani. Pole kwa maumivu. Nasema pole kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa.

Unasema ulinishika mkono. Hukunishika mkono. Ulinishika kisigino.

Nilikuwa macho, Msumari. Wamenibandika plasta kwenye kope, mpira kooni, siwezi kusogeza hata kidole, lakini niko macho kama nilivyo sasa hivi na kalamu. Nilimsikia mhudumu akiwaambia mjiandae kwa msiba. Nilimsikia wifi akilia. Kisha nikasikia krrr. Mlio huo naujua tangu ulipokuwa mwanafunzi karakanani kwa baba. Futi yako ya chuma. Uliiweka utosini kwangu ukaivuta, baridi yake ikanipita shavuni, begani, pajani, ukanishika kisigino ukaunyoosha mguu wangu. Ukasema, kwa sauti ileile unayomwambia mteja bei, "Mfupi kuliko nilivyodhani. Mbao zitabaki." Halafu tak, ukaiachia ikajirudi.

Maisha yangu yote mmenicheka ufupi. Hata kwenye kifo ukaona bahati.

Nililia. Yule mama wa usingizi aliponibandua plasta akakuta machozi, ndipo akajua nasikia, akaniongeza usingizi, akawafukuza wote mliokuwa mnajiandaa. Asingekuja yeye, ningelazwa kwenye kazi ya mikono yako nikiwa nakusikiliza unapigilia misumari.

Na hilo kabati! Ulidhani sitajua? Siku ulipolileta nilisimama mbele yake, linanizidi kiganja tu. Kabati gani jembamba namna ile, la mtu mmoja, lisilo na rafu? Tangu nihamie huku nalala na jeneza langu ukutani, natundika humo nguo za kutokea.

Nataka uandike mwenyewe, kwa mwandiko wako, ulichokisema. Nipate kukiona. Kuna jambo jingine ninalolijua, linakuhusu wewe na hiyo nyongo yako, na sitalitoa mpaka niyaone maneno yale kwenye karatasi. Usipotaka, nenda kapasuliwe.

Dada yako mfupi


13 Mei

Dada,

Shikamoo, maana adabu nilifundishwa. Wifi yako na binti ni wazima.

Umetaka niandike, naandika. Nilisema: "Mfupi kuliko nilivyodhani. Mbao zitabaki." Umeridhika?

Sasa na wewe soma. Mbao zile zilikuwa za kitanda cha binti. Nilizikusanya moja moja, nikazikausha kivulini, hazikuwa na fundo hata moja. Mhudumu aliposema tujiandae, wifi yako alilia, mimi nikaganda. Machozi yangu hayajui njia, ulijua hilo hata tulipomzika baba. Mikono ikatafuta kazi. Sikutaka fundi mwingine akupigilie mbao za maboksi ya sabuni. Nikapima. Nikaona kitanda cha mtoto bado kitatoka, nikasema zitabaki, kwa sauti, kama ninavyosema peke yangu karakanani kutwa nzima. Nikaenda kukata. Niliporudi jioni nikakukuta umeketi unakunywa maji. Mbao zilikuwa zimeshakatwa. Ulitaka nizitupe? Nikaweka bawaba.

Ndiyo, hilo la kukushika mkono nililitia chumvi. Wewe uliuliza kwa mtego, nami nikajibu kwa aibu.

Lakini nani mbaya kati yetu? Ulitoka hospitali ukaja kwangu, nikakulisha uji kwa kijiko mpaka ukapata nguvu ya kusimama. Kila kijiko ulimeza na kinyongo. Ulinitazama usoni ukasema ahsante mdogo wangu, na moyoni unanichimbia shimo. Mimi nilikupima mara moja. Wewe umenipima kila siku tangu wakati ule.

Napasuliwa Jumanne ya tarehe 28. Usije. Nikifa, yupo seremala mtaa wa pili, atanipima yeye. Sitaki unipime wewe. Na hilo jambo lako jingine litundike kabatini pamoja na nguo zako. Jana yule kijana wa usingizi aliniuliza tena kama nina ndugu wa damu aliyewahi kupata shida na dawa zao. Nimemjibu sina ndugu.

Fundi seremala


16 Juni

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeegemea mto, bado sijaruhusiwa kunyanyua hata randa. Binti alikutengenezea mkate lakini hukukaa kuula.

Mambo ya siku ile nasimuliwa tu. Nilikuwa nimeshachomwa sindano ya kunituliza, naona dari inatembea. Wifi yako anasema ulitokea kwenye korido na mkoba wa safari, viatu vyekundu kwa vumbi, ukaweka mguu mbele ya gurudumu la kitanda changu kikasimama. Muuguzi akakuuliza, "Mama, wewe ni nani?" Ukasema, "Mimi ndiye yule ndugu asiyekuwepo." Kisha ukamfuata daktari wa usingizi mpaka kwenye mlango ambao watu hawaruhusiwi. Kijana wa watu ananiambia hajawahi kushikwa kola na mtu anayemfikia kifuani.

Alikuwa ameshaivuta dawa ile kwenye bomba la sindano. Aliimwaga, akatumia nyingine. Damu yangu waliipeleka maabara ya mbali, na majibu yamekuja. Mkasi wangu ni butu kama wako, wa baba na wa mama. Amenieleza yote, mpaka hilo la mkasi, anasema ni maneno yako. Mashine ya wodini siku ile ilikuwa chini ya shuka.

Uliliweka hilo karibu miaka miwili. Sijui nikushukuru au nikutukane. Nikianza moja linakuja la pili, kwa hiyo naliacha.

Sasa kuna kinachoninyima raha. Nilipozinduka ulikuwa umeshaondoka, na utepe wako wa kupimia mapazia ulikuwa umefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Muuguzi anasema ulikaa kwenye kiti cha plastiki, ukanipima kutoka utosini mpaka kisiginoni, polepole, ukanishika kisigino, halafu ukainama ukasema kitu. Anasema alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono. Nimembembeleza, hasemi. Wifi yako anaapa alikuwa nje.

Ulisema mbao hazitatosha, siyo? Lazima ni hilo. Najua ni hilo. Lakini muuguzi nilipomtajia alitikisa kichwa, akaanza kucheka upya. Dada, ulisema nini? Nikiwa nimelala kichwani linanijia. Nikiwa naoga linanijia. Niambie tu, hata kama ni baya.

Mdogo wako,
Msumari


5 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwa wifi kwamba kidonda kimefunga. Kula taratibu, usianze na vitumbua kwa sababu tu nyongo imetoka. Mapazia ya nyumba ya wageni nimemaliza, mwenyewe amerudi kwenye rangi ya kwanza kabisa. Fundi viatu anakohoa bado.

Kwanza la binti. Mwite umkalishe umwambie. Kutoka kwako lazima amepata mkasi butu mmoja, hana pa kuukwepa. Wa pili unategemea mama yake. Apimwe, na asipasuliwe popote bila kusema. Hilo msilifanyie siri wala msiliwekee kinyongo, litajeni mezani mbele ya wageni kama mnavyotaja tarehe za kuzaliwa.

Sasa letu.

Usijidanganye kwamba nilipanda basi kwa huruma. Uliyaandika maneno niliyoyataka, nami nilikuwa nimeahidi. Tena njia nzima nilikutukana kimoyomoyo, jirani yangu kwenye kiti akadhani nasali. Basi liliposimama njiani nilishuka na mkoba. Nilijiambia, mwache. Wamchome ile, alale macho, asikie kila kitakachosemwa juu yake. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kwako tangu siku ile, ulale pale usikie. Dereva alipopiga honi nilikuwa bado nimesimama chini.

Kilichonipandisha ni wazo moja. Aliyesikia anajua. Mimi nayajua yangu, neno kwa neno, nimeweza kuyabeba, kuyaandika, kukudai mpaka ukayaandika nawe. Kwa hiyo nikaona nisikupe nafasi hiyo. Nilikuja kuhakikisha kwamba unalala kweli, usingizi mzito na salama, halafu ndipo niseme yangu.

Hukusikia. Siyo hilo la mbao, umekosea, na ukikisia tena utakosea tena. Muuguzi usimsumbue, nimeshamtumia mapazia ya nyumba nzima. Nililolisema lilikuwa fupi, kama mimi. Utazeeka nalo hulijui, na uzee utaupata, kwa sababu nilikuja.

Kabati silirudishi. Nimeliwekea rafu.

Msalimie wifi, mwambie Jumapili nitampigia. Ukiwa karibu na simu unaweza kusema hujambo, sitakata.

Na utepe wangu nirudishie kwa posta. Nimeweka alama ya chaki pale urefu wako unapoishia. Usiifute.

Dada yako